Laini Yako Iliyo kwa Jina Langu

Mwanangu Zuhura,

Nakusalimu kutoka chumba cha pili cha nyumba hii hii unayoijua mpaka ufa wake. Wewe na baba yako mmetoka kwenda kumuaga shangazi yako Chumbageni, nami nimepata alasiri ya kukaa peke yangu na kalamu. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako. Tafadhali usiisome mbele ya baba yako, maana atakunyang'anya aisome kwa sauti, na humu ndani kuna maneno juu yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Nikianza kusema naishia kugomba, na wiki hii tumegombana vya kutosha. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuogopa sitaandika. Una miaka ishirini na minne, umesomea uuguzi, na hayo mengine nimekuimbia tangu huna meno. Nataka kuandika juu ya laini.

Najua hapo umekunja uso. Kunjua, soma.

Kesho saa nne basi lako linaondoka kwenda Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, kwenye zahanati uliyopangiwa. Laini unayotumia tangu uko sekondari niliisajili mimi, kwa kitambulisho changu na kidole changu, kwa kuwa wakati ule hukuwa na kitambulisho. Sasa unataka kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile. Hawakuhamishi mpaka laini iwe kwa jina lako, na haiwi kwa jina lako mpaka mimi mwenyewe niende dukani nikaweke kidole. Wiki nzima umeniomba kidole hicho, na wiki nzima nimekuzungusha.

Sababu zangu umezisikia mpaka zikakuchosha. Nilisema nyumba nzima tuko mtandao mmoja, na kifurushi chetu kinaturuhusu kuongea sisi kwa sisi mpaka simu ipate moto. Baba yako akiwa kwenye banda lake la baiskeli hunipigia kuniuliza tunakula nini, kisha hunipigia tena kuniuliza kama nimeshaanza kukipika hicho alichokikubali. Ukihama, dakika hizo hazikufikii. Nilisema namba yako itawadanganya watu: wataona zile tarakimu za mwanzo, watadhani bado uko huku, watapiga kwa kifurushi cha huku, salio litakatwa, lawama utabeba wewe. Nilisema ukishahama huwezi kubadili mawazo kesho yake ukarudi. Nilisema hata ile kaswida anayoisikia mtu akikupigia utaipoteza. Hiyo ya kaswida ilikuwa hoja dhaifu, nakiri.

Wewe ukasema kwa upole, "Basi mama, ninunue simu ya laini mbili, hii ibaki na nyingine nitumie kazini." Nikakujibu kwamba mwenye laini mbili hulipia moja, na itakayozimika naijua, ni ya nyumbani. Baba yako akaacha kula. "Mama Zuhura," akasema, "hao watu wa simu wamekuajiri? Maana unavyowatetea, wangekupa hata fulana."

Mlicheka nyote wawili. Mimi nikanuna, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hoja zangu hizo ni za kweli, na wewe mwenyewe ulikubali kwamba anayehama hupata kimoja akaacha kingine. Lakini hazikuwa sababu yangu. Sababu yangu ni ya zamani, ina jina, na saa hii iko jikoni kwangu inakaanga vitunguu vya pilau yako ya kukuaga.

Bi Mwanakombo unamjua kama mtu ambaye amekuwa hapa siku zote. Si kweli. Kuna miaka mitatu hakuwepo, na hiyo ndiyo sijawahi kukusimulia yote.

Ulikuwa darasa la pili. Mimi na Mwanakombo tulikuwa tukipika shughuli pamoja: harusi, hitima, maulidi. Mimi wa wali na viungo, yeye wa nyama na moto, na kwa masufuria makubwa, mtaa wetu huu wa Nguvumali haukuwa na wa kutushinda. Kisha mumewe akapata kazi Muheza, wakahama. Tukaendelea kwa simu. Nilikuwa siwezi kumkubalia mtu shughuli kabla sijampigia Mwanakombo nikamuuliza kama anaweza kuja, na kama hawezi, anielekeze kwa mbali nitamaliza vipi nyama bila yeye.

Siku moja wakaja sokoni watu wa mtandao mpya na gari la muziki. Laini bure, fulana bure, ongea bure siku nzima. Nikachukua laini, nikachukua na fulana mbili. Wakati ule ukihama mtandao ulihama na namba pia, mambo ya kubaki na namba yako hayakuwepo. Nikarudi nyumbani, nikachomoa laini ya zamani, nikaikata kwa mkasi. Mpaka leo sijui kwa nini niliikata. Niliona ndivyo afanyavyo mtu aliyeamua.

Nikaweka laini mpya, nikafungua orodha ya majina ili nianze kuwajulisha watu. Hakuna kitu. Majina yote nilikuwa nimeyahifadhi kwenye laini, si kwenye simu. Orodha ilikuwa nyeupe kama sahani iliyolambwa. Baba yako alipoviona vile vipande viwili juu ya meza alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Umewakata wateja wako wote kwa mkasi mmoja," akasema, "na Mwanakombo ndani yake."

Namba ya Mwanakombo sikuwa nayo kichwani. Nani anajifunza namba ya mtu anayempigia kila siku? Hata hivyo utaniuliza, kwani Muheza ni wapi, si mwendo mfupi tu wa basi? Ndiyo. Ningeweza kwenda asubuhi nikarudi adhuhuri na machungwa. Sikwenda. Nilisema, nyumba yangu anaijua, akinitaka atanitafuta. Mwezi ukapita. Idi ikapita. Nikaanza kusema, kumbe alikuwa rafiki wa masufuria tu. Idi ya pili ikapita nikasema maneno mabaya zaidi, ambayo sitayaandika kwa sababu yuko jikoni na ana tabia ya kuchungulia.

Nilikuwa na maongezi ya bure siku nzima na sina wa kuongea naye, Zuhura. Nilikuwa nampigia baba yako bandani mpaka akawa anazima simu.

Mwaka wa tatu watu wa bwana harusi mmoja wakaniita nikapike Muheza. Nikafika asubuhi na miiko yangu. Kumbe watu wa bibi harusi nao wameleta mpishi wao, na mpishi huyo alikuwa amenipa mgongo, anapanga kuni. Mgongo ule niliujua. Tukasalimiana kama watu wawili waliokutana benki. Kazi ikaanza, sufuria ni lile lile, na hakuna anayesema na mwenzake. Kati yetu alikaa mama mmoja wa watu wa bibi harusi, anamenya viazi.

"Mwambie mwenzako chumvi haijafika," Mwanakombo akamwambia yule mama.

"Anasema chumvi haijafika."

"Mwambie pua yangu inaniambia imefika tangu zamani."

"Anasema imefika."

"Mwambie..."

Yule mama akatupa kisu ndani ya beseni. "Mie si posta! Semeni wenyewe, ama wali uungue tuaibike sote."

Hapo Mwanakombo akaweka mwiko chini, na nikaona macho yake yana maji ambayo si ya moshi. "Mie nilikukosea nini weye," akasema, "hata ukampa mumeo simu anijibu?"

"Mume gani?"

"Mumeo! Kila Idi nakupigia, anapokea mwanamume, ananiambia hapa hapana mtu wa jina hilo. Idi hii akaniambia nisirudie tena, yeye ni mtu wa heshima."

"Mwanakombo," nikamwambia, "mume wangu tangu lini akawa mtu wa heshima?"

Akanitazama. Akatoa simu yake, akapiga ile namba yangu ya zamani mbele ya macho yangu, akaweka sauti ya nje. Ikaita. Ikapokewa na mtu aliyekuwa katikati ya kelele za soko.

"Kama ni pilau, sipiki!" sauti ikapasuka. "Nimechoka! Harusi mie, hitima mie! Mie nauza machungwa!"

Mwanangu, tulicheka mpaka tukashikana ili tusianguke motoni. Kumbe namba usipoitumia muda mrefu, kampuni humpa mtu mwingine, na yangu ilimwangukia mfanyabiashara wa machungwa wa pale pale Muheza. Kwa miaka mitatu maskini alikuwa akipokea shughuli za Nguvumali nzima. Tukamwomba radhi, tukamwalika harusini. Akaja mchana na nusu gunia la machungwa, akala sahani tatu, akafuta mikono, akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini walikuwa hawachoki kupiga."

Baadaye mume wa Mwanakombo alirudishwa kazini hapa Tanga, nasi tukarudia masufuria yetu. Kila nilipomsimulia mtu kisa hiki nilimalizia vile vile: msihamehame mitandao, mtapoteza watu. Nililaumu ofa, nililaumu mkasi. Ilinipendeza kulaumu mkasi, kwa sababu mkasi haujibu.

Wiki hii, kwa sababu ya kubishana na wewe, nimekitazama kisa hicho upya, na nimeona kitu ambacho hakikunifurahisha. Mwanakombo alipiga. Alijibiwa vibaya na mwanamume asiyemjua, na Idi iliyofuata akapiga tena, na iliyofuata tena. Mimi sikupiga hata mara moja, sikupanda basi hata mara moja. Nilikaa hapa nikingoja nitafutwe. Mkasi ulichukua namba tu. Miaka ile mitatu niliipoteza mwenyewe kwa kununa, na nilikuwa hodari wa kazi hiyo.

Sasa nije kwenye ya Moa.

Ile siku tuliyokwenda kuona chumba chako nilitoa simu nimwambie baba yako tumefika, simu ikanikaribisha Kenya. Nimekaa juu ya benchi la Tanzania, natafuna muhogo wa Tanzania, naambiwa karibu Kenya! Nikaongea na baba yako kidogo tu, salio lote likanyonywa na mnara wa ng'ambo. Wewe ulicheka, na mimi nilicheka. Lakini tuliona kitu kingine siku ile ambacho hatukukizungumza tuliporudi, wewe kwa adabu yako, mimi kwa ukaidi wangu.

Aliletwa zahanati yule mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni, na Sista Agnesi, nesi wa pale, akataka kuita gari la kumpeleka hospitali. Mtandao wake ni huu huu wetu, na pale haushiki. Nikamwona mwanamke mzima, mnene kunishinda, anapanda kwenye jukwaa la tangi la maji nyuma ya zahanati, ameinua simu juu, "Haloo! Haloo! Mnanipata?" Anashuka, anamtazama mgonjwa, anapanda tena. Wewe ulikuwa umeshika mkono wa yule mama. Mwishowe dereva wa bodaboda akatoa simu yake ya mtandao ule mwingine unaoutaka wewe, Sista akapiga akiwa amesimama mlangoni, na gari likaja. Tulipokuwa njiani kurudi ukapata ujumbe kwamba amejifungua mtoto wa kike na wote wazima, ukanikumbatia ndani ya basi watu wanatutazama. Nilifurahi kama mtoto ni wa kwetu.

Niliona hayo yote kwa macho yangu, na bado nikarudi nyumbani nikakubishia habari za dakika za bure.

Nakwambia ukweli wangu sasa. Sikuogopa kwamba utapotea. Niliogopa kwamba utakuwa na kazi, utachoka, siku mbili zitapita hujapiga, na mimi najijua. Nitakaa na simu mapajani na kuanza kununa. Nikadhani nikikushikilia kwenye mtandao wetu, kwa dakika za bure, basi hutakuwa na kisingizio, nami sitakuwa na sababu ya kununa. Nilitaka nikufunge wewe ili nisijirekebishe mimi.

Tena kuna la Jumanne. Nilikwambia nimekwenda dukani na mashine imekataa kidole changu. Sikwenda, Zuhura. Nilikwenda kwa Mwanakombo, nikanywa chai na mahamri mawili, nikarudi na uso wa mgonjwa. Ukanionea huruma. Ukanikalisha, ukachukua mafuta ya nazi, ukanipaka kidole kimoja kimoja, ukisema, "Ni moto, mama. Vidole vyako vimefanya kazi sana." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nisamehe, mwanangu.

Basi leo asubuhi, mlipodhani nimekwenda sokoni, nilikwenda dukani kweli. Na unajua kilichotokea? Mashine ikakataa kidole changu! Nikaweka kidole gumba cha kulia, wapi. Cha shahada, wapi. Yule binti wa dukani akanifutia kwa kitambaa, akanipangusa kwa maji, mashine inalia tu.

"Shikamoo tena, mama," akasema, kwa kukata tamaa. "Kwani unafanya kazi gani?"

"Napika."

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa."

Tukajaribu mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, mpaka tukafika kwenye kile kidogo cha mwisho, ambacho maisha yake yote hakijakuna nazi wala kugeuza chapati. Mashine ikakipokea. Mimi na yule binti tukapigiana makofi, mpaka waliokuwa kwenye foleni wakadhani nimeshinda zawadi. Akaniambia mambo ya kubadilisha jina yanataka tuwepo wote wawili, kwa hiyo tuje kesho saa mbili wanapofungua, na hicho kidole nikitunze, nisikisogeze karibu na moto.

Ndiyo maana umekikuta kimefungwa kitambaa. Nilikwambia nimejikata, na huo ndio uongo wangu wa mwisho wiki hii. Ndiyo maana pia pilau yako anaipika Mwanakombo. Sasa hivi amepiga kelele kutoka jikoni, "Weye mwandishi! Bizari umeificha wapi?" Nikamjibu, "Huwezi kupika bila mie?" Akasema, "Naweza sana, nilitaka tu ujione wa maana." Msikie. Na harufu inayokuja huku, Zuhura, sijui kama nitaweza kungoja mrudi.

Kesho basi tuamke mapema, twende tukaweke vidole. Laini iwe kwa jina lako, kisha uhame nayo utakako. Baba yako atatangulia stendi na begi lako kwenye baiskeli. Dakika zetu za bure zimekwenda, sitajifanya haziniumi. Zitaniuma kila Ijumaa nikitaka kukusimulia harusi nzima, nani kavaa nini na nani kala mara mbili. Nitakusimulia nusu, nusu utamalizia ukija likizo. Lakini mtu wa Moa akikutafuta atakupata, na wewe ukiita gari halitakukosa. Nimepima vyote viwili, na aibu yangu ni kwamba nilihitaji wiki nzima.

Najivunia wewe mpaka nakosa adabu. Jana nimemwambia muuza mkaa, ambaye hakuniuliza, kwamba binti yangu ndiye nesi mpya wa Moa. Leo nimemwambia tena.

Sitakuomba uniahidi kunipigia. Kazi yako naijua sasa, nimeiona ikipanda juu ya tangi. Ahadi naitoa mimi. Siku usiponipigia, nitakupigia mimi, kwa salio langu, bila kuuliza ulikuwa wapi. Usipopatikana nitajaribu asubuhi yake. Siku zikizidi nitapanda basi nije, na hutaniona nimenuna mlangoni.

Ukiwa na mgonjwa, usipokee. Nitapiga tena.

Mama yako